Barua ya Kumkataa Mchumba

"Endelea kuongea," mama kiongozi alimwambia. "Jana uliamka, ukafanya nini?"

"Niliamka..." Kijana alishika ukuta. "Nika... nika..."

Begi la kilo kumi na tano lilikuwa mgongoni, na ndiyo kwanza walikuwa ghorofa ya pili.

"Ukafanya nini? Ukarudi kulala?" mzee alimcheka kutoka ngazi za juu. Yeye alishapanda na begi hilohilo, huku akisimulia ugomvi wake na majirani tangu mwanzo hadi mwisho.

Hivyo ndivyo mama kiongozi alivyowapima wateja. Miaka kumi na minane ya kuwapandisha watu mlimani ilimfundisha kutoamini fomu, maana kwenye fomu kila mtu ni mwanariadha. Aliyefika ofisini kwake, ghorofa ya nne, akiwa bado anaongea alipewa njia ya siku nane, ya mahema na miamba. Aliyekatika sentensi alipewa ya siku tatu, yenye vibanda na vitanda.

Mzee alitaka ya siku nane, na hakuja kubembeleza.

"Huyu anataka kumuoa binti yangu," alikuwa amesema tangu mlangoni. "Nimewaambia wote wawili, atapanda na mimi siku nane. Ukimkataa, niandikie barua, na harusi hakuna. Binti mwenyewe amekubali, kwa kiburi chake. Eti mchumba wake hashindwi."

Walipofika juu, mchumba alijibwaga sakafuni, mdomo wazi. Shati la mzee lilikuwa limelowa mgongoni, lakini alisimama wima kama askari wa zamu.

"Baba, naomba..."

"Baba yako nani? Mwanaume mzima unashindwa na ngazi! Ukishaoa utambeba mkeo, au yeye ndiye atakubeba?"

Mama kiongozi alimchukia yule mzee papo hapo. Mkono ulimwasha aandike "anafaa", ili tu amwone akinywea. Lakini kuna mwaka alimpitisha mteja kwa huruma za namna hiyo, akamteremsha kwa machela akiwa amefunikwa uso. Hakutaka kurudia.

Aliinama karibu na kijana.

"Kaka, usikate tamaa. Nipe mwezi mmoja, nitakufanyisha mazoezi bure. Halafu nitakupima upya."

"Usisumbuke, dada," alijibu kinyonge. "Kila mtu na uwezo wake."

"Umemsikia mwenyewe!" mzee alifoka. "Unangoja nini? Andika!"

Akaandika: hafai kwa njia ya siku nane. Aliandika kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Mzee aliikunja barua, akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga. Mchumba alimfuata akiwa ameshikilia reli, akishuka ngazi mojamoja.

Mama kiongozi alibaki mezani, akimtukana mzee kimoyomoyo. Alimfikiria yule binti nyumbani, anayengoja majibu, na roho ikamuuma. Maskini, mapenzi ya watu yamevunjwa kwa mwandiko wake.

Hazikupita dakika tano, akasikia mtu akipanda ngazi mbiombio. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mchumba, na alisimama mbele ya meza akiwa ametulia tuli, kana kwamba ametokea chumba cha pili.

"Dada, samahani, mzee ameenda kuchukua gari na sina muda, kwa hiyo naomba uniandikie barua nyingine yenye mhuri, na uongeze kwamba hata nikifanya mazoezi mwaka mzima sitaweza," alisema kwa pumzi moja. "Ukiacha mwanya kidogo tu, binti yake atasema atanisubiri."