Jina Kwenye Kitako cha Sanamu

Tangu asubuhi Sekesai alikuwa ameizungushia moto sanamu yake ya jiwe, ipate joto la kunywa nta na kung'aa nyeusi. Alipoinama kuipaka, akaona kitakoni jina limechongwa: Garikai. Kaka wa marehemu mumewe! Miezi minne Sekesai alipoichonga, yeye hakushika hata tindo.

"Futa jina lako, shemeji," alimwambia Garikai aliyesimama kando.

"Nani atanunua jiwe la mwanamke?" Garikai alicheka. "Mteja yuko njiani. Paka nta, acha kelele."

Sekesai akainua ndoo ya maji baridi juu ya sanamu. Kicheko kikamkauka Garikai. Alijua jiwe la moto likimwagiwa maji hupasuka.

"Tindo lile pale. Kwangua."

Garikai hakusogea. Ndoo ikainama, tone la kwanza likaangukia bega la sanamu, likalia chwaa.