Ipi Ilikuwa Tamu?

"Kosa ni langu, sikatai," alisema Lavonne.

Alikuwa amevuta kifyatuo cha bastola, fataki ya kuwashia baruti ikalia tik, basi. Gololi ya risasi ilibaki imekwama tunduni. Alikuwa ameweka unga, akashindilia gololi, baruti akasahau.

Royce, mwanawe, akacheka. "Miaka yote hiyo ya shabaha, Mama! Halafu unataka Baba abaki mikononi mwako?"

"Atabaki."

"Anakwenda na mimi Springfield leo. Nafasi nimeshamlipia. Pasafi, maua kila Jumapili, mlinzi getini."

"Mlinzi! Baba yako hata kanisani alikaa mlangoni ili awahi kutoka. Leo ukamfungie mjini?"

"Mama, wanatusubiri."

"Wasubiri. Mimi na mzee wangu tuna ubishi wetu."

Juu ya meza, nyuma ya nyumba, zilikuwa bastola tatu za baruti nyeusi. Zilitoka kiwandani juzijuzi tu, ila zimeundwa sawasawa na zile za vita vya mababu zao. Ile ya shaba ilikuwa na sura ya bibi harusi, lakini ikipigwa sana inalegea. Lile dubwana refu, zito kama kikaango cha chuma, likilia ng'ombe wa jirani wanahama. Na ile ya chuma tupu, haina urembo, haina mzaha, ndiyo iliyokwama. Harlan, mumewe, alikuwa shabiki wa dubwana. Lavonne alikuwa wa chuma tupu. Ubishi huo ulizidi umri wa Royce.

Wiki nzima Lavonne alikuwa akipiga. Unga bakulini ulikuwa umefika chini. Akajaza bastola mbili nzima kama wajazavyo wote: baruti, juu yake unga wa kuziba nafasi, gololi, kisha mafuta. Unga aliuchota kwa kijiko cha chai, asimwage hata chembe.

"Mbona unga wa mahindi una rangi ya kijivu? Umeoza huo," alisema Royce.

"Haujaoza. Nenda ndani kamchukue baba yako, kama utamweza."

Royce akaingia ndani, mlango akaubamiza.

Lavonne akapiga ya shaba mpaka ikaisha. Akapiga dubwana, mikono miwili, meno nje. Moshi mweupe ukavuka kijito, ukapanda kilima, haukuomba ruhusa kwa mtu.

Ikabaki ile iliyokwama. Akafungua kipande cha nyuma kinachokaliwa na fataki, akatia baruti chembe chembe kupitia hapo, akakaza, akavika fataki mpya.

"Mama!"

Royce alikuwa barazani. Mkononi alishika chombo cha shaba, kimechorwa jina la Harlan, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Alikipindua. Hakikudondosha kitu.

"Mama, majivu ya Baba yamekwenda wapi?"

Lavonne akalenga juu ya kilima, akavuta. Safari hii ikalia.

"Sema basi, mzee wangu," akauambia moshi. "Ipi ilikuwa tamu?"