Mstari Mwekundu wa Twiga

"Hajafika," dada wa zamu kwenye kitreni alisema kwa mara ya pili, na Babu akahisi damu inampanda kichwani.

Mjukuu wake alikuwa ameegemeza mgongo kwenye twiga wa mbao anayepima watoto. Gauni lake jipya lilifunika viatu. Utosi wake ulikuwa chini kidogo ya mstari mwekundu uliochorwa shingoni mwa twiga. Nyuma yao kitreni cha watoto kilikuwa kinajikokota kupanda kilima chake cha chuma, kisha kikaporomoka kwa mayowe. Kila mtoto alikuwa kabanwa kando ya mzazi wake, maana sheria ya pale hairuhusu mtoto kupanda bila mtu mzima.

"Nimempima juzi mlangoni kwangu," Babu alisema. "Amepita."

"Labda ulikosea kidogo, mzee."

Kukosea? Alikuwa seremala maisha yake yote. Nusu ya milango ya mtaani kwao aliipima yeye, na hakuna hata mmoja uliogoma kufunga. Lakini tangu atoke hospitali kila mtu alimfanya mtoto mchanga. Binti yake alimficha msumeno. Asubuhi hii, akiwaacha getini, alimtia Babu dawa za moyo mfukoni, akainama na kumnong'oneza mtoto jambo sikioni. Bila shaka alimwambia amwangalie babu asipotee. Ahadi moja tu ndiyo aliyotoka nayo wodini, kupanda treni hii na mjukuu wake, na sasa kipande cha mbao kilikuwa kinamkatalia mbele za watu.

"Huyo twiga wenu ndiye mwenye kasoro," alisema. "Nani alimpima?"

Hakungoja jibu. Alichomoa futi yake mfukoni, akapiga goti moja chini, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye mstari. Akarudia. Foleni ikaanza kuguna, na mtu mmoja akacheka. Mstari ulikuwa pale pale unapotakiwa kuwa.

Basi aliyekosea ni yeye. Macho yamekwisha, na mkono nao umekwisha. Hasira zikamgeukia mwenyewe, na hizo zilimuuma kuliko zile za mwanzo.

"Twende, mchumba," alisema.

Mtoto hakulia wala hakununa. Alimshika mkono akamwongoza hadi kwenye benchi, na hilo nalo lilimuudhi Babu. Angalau angelia kidogo.

"Futi hii naitupa," alisema akihema. "Haina kazi tena."

"Usiitupe, babu," mtoto alisema haraka. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati la Babu, akatoa dawa na kumwekea kiganjani. "Ngoja nikuletee maji."

Babu alimfuata kwa macho, bado anasaga meno. Bomba lilikuwa karibu na twiga. Mtoto alikinga maji kwenye kikombe, akageuka, akasimama kando ya twiga kusubiri watu wapite. Gauni lilimwishia kwenye ugoko. Mstari mwekundu ulimfika sikioni.

Kisha akaona babu yake anamtazama, na taratibu, bila kumwaga maji, akakunja magoti.