Namba ya Mlango

Katika mji ule, kila mtoto aliyezaliwa alipewa namba tasa yake, ndefu kama mkeka, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Watu wakioana, namba zao zilizidishwa, na jibu likawa kufuli ya nyumba: mlango ulimfungukia yeyote ambaye namba yake ililigawanya jibu hilo bila baki.

Basi siku moja Saumu, akisubiri wali ukauke, alishikwa na hamu ya kuijua namba ya mumewe. Akaigawanya namba ya mlango kwa yake, kisha akaiuliza mashine ya jikoni kama jibu ni namba tasa.

"Si tasa," mashine ikasema. "Ni namba zaidi ya moja, zimezidishwa."

"Zipi hizo?"

"Kuzitenganisha kutachukua miaka mingi kuliko umri wa jua."

Saumu akacheka, halafu kicheko kikakatika.

"Mume wangu," akamwita Badru, aliyekuwa mezani akinawa mikono, "katika namba ya mlango huu tumo wangapi?"

Kabla Badru hajajibu, mlango wa mbele ukafunguka bila mtu kubisha hodi. Badru, bila hata kugeuka kutazama, akasogeza kiti cha tatu.