Taa ya Sokoni

Kazi ya Mwajabu katika chumba cha kuongozea taa za barabarani ilikuwa kutazama tu. Kamera zilihesabu magari, kompyuta ikaamua yenyewe njia ipi ifunguliwe, na foleni za mji zilikuwa zimepungua kweli.

Saa nne asubuhi aliliona gari la mumewe kwenye skrini, limesimama kwenye taa nyekundu ya sokoni. Shomari alikuwa ameaga kwamba anakwenda shamba. Pembeni yake alikaa mwanamke mwenye mtandio wa manjano, naye Shomari alikuwa akimmenyea chungwa. Katika miaka tisa ya ndoa, Mwajabu hakuwahi kumenyewa hata ndizi.

Akaiondoa taa ile kwenye kompyuta, akaiongoza mwenyewe, akaiacha nyekundu. Hawaendi popote, alijiambia.

Zikapita dakika tano. Foleni ikafika darajani.

"Mwajabu, mbona sokoni pamefunga?" aliuliza msimamizi wake, Bi Saumu, kutoka meza ya pili.

"Narekebisha, bosi."

Kwenye skrini, Shomari alizima gari. Akamgeukia yule mwanamke, akamlisha kipande cha chungwa kwa mkono wake, wakacheka. Hapo ndipo Mwajabu alipotambua kwamba nafasi ile yote ni yeye aliyewapa.

Akabonyeza. Taa ikawaka kijani. Madereva wa nyuma wakatoa vichwa madirishani, wakirusha mikono kwa hasira, lakini Shomari hakuwa akiitazama taa.