Mama Alivyonifanyia Mtihani

Siku hizi anayetaka kusomea uzamili hafanyi mtihani mwenyewe. Anamfundisha mtu wa nyumbani kwake utafiti wake, kisha huyo ndiye anayehojiwa na mashine, mara moja tu, hakuna kurudia. Eti ukilielewa jambo, na wa kwenu atalielewa.

Mimi nilimfundisha mama. Miezi mitatu, huku akikuna nazi, nilimweleza kwa nini maji ya visima vya mtaani kwetu yanageuka ya chumvi. Akafika mahali pa kunisahihisha.

Jana matokeo yakaja: sifuri. Nikafungua rekodi.

"Chumvi huingiaje kisimani?" mashine inauliza.

"Hilo muulize mwanangu Zawena," mama anajibu, anajivuna kabisa. "Ndiye msomi wetu."

Maswali ishirini, jibu hilohilo.

"Mama, si ulikuwa unayajua yote?" nikamuuliza nilipozima rekodi.

"Nayajua sana. Lakini mimi nijitie ujuzi mbele ya watu, wewe uonekane nani?"

Mama akavuta mbuzi yake ya kukunia, akapasua nazi.

"Haya, mwanangu. Leo unanifundisha nini?"