Tarehe Ishirini na Nne Mei

"Bonyeza," alisema Mama. "Bonyeza hapo, uhamishe."

Kidole cha Solange kilikuwa juu ya kitufe lakini hakishuki. Ilibaki saa moja na robo tu, kisha hakuna tena kubadilisha tarehe ya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari. Alikuwa amejiandikisha Mei ishirini na nne, palepale mjini kwao, Lafayette. Mama alitaka Juni ishirini na saba.

"Mwezi mmoja tu, mwanangu. Unakimbilia wapi?"

"Matokeo yakichelewa, vyuo vinakuwa vimeshaanza kuita watu. Mama, nina miaka ishirini na sita. Nikikosa mwaka huu..."

Akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akainuka tena. Ilikuwa wiki ya tatu yuko hivyo. Alikula amesimama. Kazini, kwenye chumba cha kupokea simu za ambulansi, wenzake walishampokonya kalamu kwa jinsi alivyoigongagonga mezani.

Miaka miwili nyuma aliufanya mtihani huo akaanguka vibaya. Mama ndiye aliyemkumbatia siku hiyo, akamwambia atarudia na atapita. Ndiyo maana sasa hakumwelewa. Mama yake, Verna Arceneaux, alikuwa na miaka ishirini na miwili ya uuguzi wodini, mwanamke asiyeogopa damu wala madaktari. Lakini ukiitaja tu Mei ishirini na nne, uso unambadilika.

Mama alirudi kwenye jiko, akaendelea kukoroga unga wa mchuzi kwenye mafuta ya moto, maana ukiuacha dakika moja unaungua.

"Kama ni lazima iwe Mei," alisema bila kugeuka, "basi kafanyie Baton Rouge."

"Mwendo wa saa nzima, na kituo kiko hapa nyuma ya soko?"

"Kule kumetulia."

"Umejuaje kama kumetulia?"

Mama akakoroga tu.

Mjomba Alcide, mdogo wake Mama, alikuwa mezani akimenya kamba wa mtoni. Akacheka puani. "Dada, mwache mtoto."

"Wewe menya kamba."

"Namenya. Mimi si nilishasema sina neno?"

Solange akaenda kutafuta daftari lake la kemia, alau ajipime kabla ya kuamua. Rafuni halikuwepo. Alilikuta chumbani kwa Mama, chini ya taulo, lina doa la kahawa.

Akarudi nalo jikoni ameliinua juu. "Unanifichia madaftari sasa?"

Mama alilitazama daftari, kisha akamtazama Alcide, ambaye aliinamia kamba zake. "Nilikuwa... nilikuwa nafanya usafi."

"Hutaki nifanye huu mtihani."

"Sijasema hivyo."

"Huamini kama naweza. Sema tu, Mama. Sema, nijue moja."

Mama akazima jiko. Unga ulikuwa bado haujaiva. Akaweka mwiko chini, akafuta mikono, akamgeukia.

"Solange, mimi naamini utakuwa daktari kuliko wewe mwenyewe unavyoamini. Lakini nakuomba Juni. Nimewahi kukuomba kitu?"

Hakuwahi. Solange alirudi kwenye kompyuta, akakaa. Mama amesimama upande wa pili wa meza, anasubiri. Alcide hakumenya tena.

Akabonyeza. "Haya. Nimehamisha."

Mama akaja akambusu utosini, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akawasha jiko upya, akaanza hata kuimba.

Solange alikuwa amebonyeza kitufe cha kufunga ukurasa. Tarehe ilikuwa ileile.

Siku kumi zilizofuata alisoma ndani ya gari, kwenye kiwanja cha kanisa, vioo vimefungwa, jasho linamtiririka, madaftari yamejaa hadi kwenye dashibodi. Nyumbani alijifanya hana haraka. Mara mbili alifungua mdomo amwambie Mama, mara mbili akaufunga.

Kadiri siku ilivyokaribia ndivyo Mama naye alivyoacha kuimba. Alhamisi aliunguza unga, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona nyumbani humo. Ijumaa aliweka chumvi kwenye kahawa akainywa yote bila kugundua. Solange alimtazama akimaliza kikombe. Ameshajua, alijiambia. Ameshajua, ananisubiri niseme mwenyewe.

Jumamosi, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, Mama alikuwa mlangoni amevaa sare ya hospitali. Gari la Alcide lilikuwa linanguruma nje.

"Zamu ya ziada," alisema. "Mtu anaumwa. Na wewe?"

"Nitalala tu. Sina kazi leo."

Mama alimkumbatia akamshikilia muda mrefu, kama mtu anayesafiri. Solange nusura aseme. Gari lilipokata kona, akachukua funguo.

Kwenye kituo cha mtihani kulikuwa na watu saba kwenye viti vya plastiki, hakuna anayemtazama mwenzake. Solange alikaa na kitambulisho mkononi. Aliapa moyoni: akipita, atamwambia Mama siku hiyohiyo na kumpigia magoti. Akianguka, Mama hatajua kamwe kwamba alikuwepo hapa.

"Arceneaux!" aliita mpokezi.

Solange akainuka haraka hadi kiti kikasogea nyuma, akanyoosha kitambulisho.

Mpokezi alikitazama, akaitazama picha kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. "Si wewe, dada. Namwita mtahiniwa Arceneaux, Verna."

Mlango wa choo ukafunguka, na Mama akatoka amevaa suruali ya kawaida, sare ya hospitali ameikunja kwapani.